Daftari la Ghala Namba Tatu

Saa kumi na mbili na robo, kufuli likiwa bado na baridi ya usiku,
nafungua mlango mdogo ulio ndani ya mlango mkubwa.
Harufu ya mkonge hunitangulia kutoka nje:
nyuzi kavu, mafuta ya mashine, na kitu kama gunia lililolowa jana.
Msumarini hapo mlangoni kunaning'inia kopo la maziwa,
kila kibarua hutumbukiza humo kiberiti chake
kama avuaye viatu msikitini.
Hata bosi. Hata yule mtu wa bima, aliyenuna.

Kisha naanza.
Mtungi mwekundu wa kwanza: mshale uko penye kijani.
Wa pili: kijani.
Wa tatu uko nyuma ya marobota ya daraja la pili,
napita kwa ubavu, pumzi nimeibana,
maana kati ya robota na ukuta tumeacha upana wa mtu mmoja mwembamba
nami si mwembamba tena tangu nilipomzaa Kilua.
Napenyeza kiganja kwenye robota, kama mama apimaye homa:
mkonge ulioingia na unyevu huchemka ndani kwa ndani,
hausemi, mpaka useme kwa moshi.

Ukutani mtu wa zamani aliandika kwa rangi ya buluu
USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA,
na ufa umekata katikati ya neno ufa,
ukashuka hadi sakafuni, mchwa wameufanya barabara.
Wageni wakiuona, tunacheka nao.
Nimeuandika mara nne.
Ofisini wamejibu mara nne: Imeonekana.

Sasa niseme la ngazi.
Ngazi ya mbao, vipago kumi na viwili.
Cha saba kilianza kulalamika mwezi wa Septemba.
Nikaandika: kipago cha saba kinacheza.
Imeonekana.
Nikaandika: kipago cha saba, tafadhali.
Imeonekana.
Siku kumi na moja niliandika, wino wa buluu, wino mweusi,
mara moja kwa penseli ya Kilua ya zambarau.
Siku ya kumi na mbili mvua ya vuli ilinikuta Mabawa, nikachelewa,
lori la Korogwe lilikwisha kupiga honi mara tatu.
Nikasimama mlangoni, ndani sikuingia,
nikashusha mstari mmoja toka juu ya ukurasa hadi chini
na pembeni nikaandika: Sawa.

Saa nne Shemdoe alipanda kuhesabu marobota ya juu.
Alihesabu kwa sauti, ndiyo kawaida yake.
Thelathini na nane. Thelathini na tisa.
Arobaini haikuja.

Ilikuwa nyonga. Leo akitembea,
mguu mmoja huweka nukta, wa pili mkato.
Nilipompelekea machungwa Bombo hakuniuliza kitu,
alimenya mawili, moja akanipa mimi.
Walioniuliza ni wa ofisini. Walifungua daftari,
wakaziruka siku kumi na moja,
wakaweka kidole penye neno langu.

Fundi alikuja kesho yake na kipago cha mninga,
chekundu kati ya wenzake waliofifia.
Misumari sita. Kazi ya robo saa.

Ghala halisifiwi kwa moto ambao haukuwaka.
Leo foko imelia vizuri iliporudi nyuma,
Semkiwa kajaribu breki mara mbili bila kuambiwa,
taa, minyororo, mifereji, zote nimezigusa.
Kipago cha saba nimekikanyaga mara tatu kwa uzito wangu wote.
Nimekaa juu ya robota, kalamu wazi.
Neno lenyewe lina herufi nne.
Siku hizi hunichukua muda.